Ndoano Iliyobaki Kwenye Jiliwa

Mpendwa mama,

Ndoano yako ya mwisho bado imebanwa kwenye jiliwa, ukingoni mwa meza. Huu ni mwezi wa saba tangu tukuzike, na sijaigusa. Nimeifunika kwa kile kipande cha kitenge ulichokuwa ukifutia mikono, nami nafagia kuizunguka meza kama watu wanavyofagia kumzunguka mgonjwa aliyelala mkekani. Anayeingia anauliza kuna nini chini ya kitambaa. Nikisema ni kazi ya mama, haulizi tena.

Juzi Mama Chisomo alivuka mpaka kutoka Chitipa, Malawi. Naye amezeeka, anatembea kwa fimbo na kila hatua anailalamikia. Alikaa, akalia kidogo, akanywa chai vikombe viwili, ndipo akasema lililomleta. Wale wenye nyumba za wageni kule milimani kwao bado wanawataka nzi wetu. Awaambie wasubiri, au awaambie basi, yule mama ameondoka na kazi yake? Nilimwomba siku tatu. Mama, maswali yake yote ulikuwa ukiyajibu wewe, mimi nilikuwa naandaa chai tu. Sasa ameniuliza mimi.

Watakaoisoma barua hii wengine hawakukujua, kwa hiyo nivumilie niwaeleze kidogo. Babu, baba yako, alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni milimani, upande wa Malawi. Wageni wale walivua samaki wa madoadoa kwenye mito ya baridi, na hawakuvua kwa mnyoo. Walitumia mdudu wa kuigiza, yaani ndoano ndogo iliyovishwa uzi na manyoya mpaka samaki adhani ni nzi aliyeanguka majini. Babu alijifunza kuwatengeneza kwa kuwachungulia, wewe ukajifunza kwa babu, na ulipoolewa huku Isongole ulikuja na kikopo cha ndoano, donge la nta ya nyuki na ujuzi ambao hakuna mtu aliyeuelewa. Baba mwenyewe alikuwa akiwaambia wageni kwamba mke wake anashonea wadudu nguo.

Ulinifundisha nikiwa sijaota meno ya mbele ya pili. Ulinikalisha ng'ambo ya meza, tukatazamana. Meza yenyewe ni ubao mmoja mwembamba, tukiinama wote wawili mapaji yanagongana, na yaligongana sana. Ulishika ndoano kwa vidole vya mkono wa kulia, uzi ukauzungusha kwa kushoto. Ulikuwa na mashoto, mama. Bibi alikukataza kula na kusalimia kwa mkono ule, ukatii, lakini kwenye kazi hakukuweza. Mimi nikakuiga kama mtu anavyojiiga kwenye kioo. Mkono wako uliozungusha uzi ulikuwa upande wa dirisha, basi na wangu wa upande wa dirisha ndio ukazungusha. Sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba wako ni wa kushoto na wangu ni wa kulia. Kwangu mimi ilikuwa yote mikono ya dirishani.

Unamkumbuka yule jogoo mwekundu? Manyoya yake ya shingo ndiyo yaliyokuwa mazuri kupita yote, nawe ulimnyofoa moja leo, moja kesho, hadi majirani wakaanza kutushauri tumchinje kabla ugonjwa wake haujaambukiza banda zima. Ulikuwa unawaitikia, "Ndiyo, ndiyo, tutaangalia," kisha unamtupia mahindi ya ziada. Nadhani ulikuwa unamwomba radhi.

Halafu mkono ukaanza kutetemeka. Miaka ile Tunduma ilikuwa imefunguka, maduka yanaota kila wiki na kila mtu anauza kitu alichokitoa upande wa pili wa mpaka. Mimi nilikuwa nimeshawaacha nzi wako, nashona sare za shule barazani kwa cherehani yangu na kujiona nimeendelea. Kwa hiyo sikuona mapema. Niliona kwanza kwamba unaukalia mkono wa kulia tukiwa na wageni. Kisha Mama Chisomo akaja akaondoka na nzi wanane, mwezi uliofuata wanne, na mwezi uliofuata ulimwambia kwamba unaumwa jino. Mama yangu, meno yako yalikuwa yanavunja mifupa ya mbuzi.

Nilipokuuliza ulinijibu ukiwa unatazama dirishani. "Mkono wa kushoto mzima. Wa kulia ndio umechoka kushika. Mwanangu Tumpe, nikiacha hii kazi nitakuwa nakaa tu, na mimi kukaa sijui."

Niliingia jikoni nikajifanya napuliza moto.

Wewe mwenyewe ndiye uliyetaja jiliwa. Ulisema wale wageni wa babu walikuwa nalo, kidude cha chuma kinachobana ukingoni mwa meza na kuishika ndoano kwa midomo miwili, ili mkono wa kushika upumzike. Mafundi wanaliita vaisi. Ulinipa ndoano tatu kwenye kibiriti na maagizo marefu kuliko safari. Lisiwe kubwa, vidole vikakosa pa kupita. Lisiwe la kung'aa sana. Likiibana ndoano, niibonyeze kwa kidole gumba, na ndoano ipinde kabla haijateleza; ikiteleza, niliache hapohapo hata wakinipa bure. Fedha ulinifungia kwenye ncha ya khanga, nami najua uliuza nini, maana asubuhi ile yule beberu hakuwepo zizini. Nilipanda lori la mahindi, nikakaa juu ya magunia, moyo wangu ukiwa mzito kwa sababu niliona jinsi ulivyojikaza usinipungie kwa mkono ule.

Duka la kwanza Tunduma lilikuwa la vifaa vya ujenzi. Kijana wa pale aliniletea jiliwa la kijani akilibeba kwa mikono miwili, mishipa ya shingo imemtoka.

"Hili linashika hata ekseli ya fuso, dada."

Nikamfungulia kibiriti nikamwonyesha ndoano. Aliitazama, akalitazama jiliwa lake, akalirudisha lilikotoka. Sijamwona muuzaji mwingine Tunduma aliyekubali kushindwa haraka vile.

Nikavuka Nakonde. Huko mama mmoja wa Kizambia alikuwa na turubai limejaa vitu vya ng'ambo, pasi, saa za mezani, mikasi, na katikati yake, mama, lile lenyewe. Dogo, limepakwa rangi ya fedha, lina kimkono cha kubania, tena shingo yake inazunguka. Nilisimama kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea.

"Mwaiseni, bamayo," akanikaribisha. "Hii ni ya wazungu, imetoka mbali. Shika, shika."

Bei yake iliingia kwenye khanga yangu na chenji ikabaki. Ningekuwa peke yangu ningelipa palepale, nikakuletea likimetameta, nikajisifu njia nzima. Lakini ulikuwa nami kwenye kile kibiriti. Niliibana ndoano, nikaibonyeza, ikachomoka kama mbegu ya chungwa kwenye vidole na kunichoma gumba. Nikajaribu tena nikikaza kwa nguvu zote. Ndani ya ile rangi chuma chenyewe kilikuwa laini, midomo tayari imeanza kubonyea. Yule mama alinifunga kidole kwa kipande cha kitambaa, akanipa pole, halafu akapunguza bei. Nilimshukuru nikaondoka kwa haraka ili nisije nikageuka.

Jua lilikuwa limeshaanza kushuka nilipofika Chapwa. Nilikuwa nimekata tamaa, naulizia kwa ajili tu ya kutimiza. Mtu akanielekeza kwa fundi wa saa na kufuli, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kwenye meza yake kulikuwa na jiliwa dogo jeusi, baya kweli kweli, alilolitengeneza mwenyewe kwa chuma cha springi ya gari. Alilitumia kushikia funguo anazochonga.

"Hilo haliuzwi," alisema kabla sijauliza. "Hilo ndilo linanilisha."

"Mama yangu naye anatafuta la kumlisha."

"Anachonga funguo?"

"Anatengeneza nzi."

Alivua miwani akanitazama vizuri, kuona kama nina homa. Ndipo nikamtolea nzi wako mmoja niliyekuwa nimemchomeka kwenye ukosi wa blauzi, yule wa kahawia mwenye mkia mwekundu. Alimweka kiganjani, akamgeuza, akamsogeza mwangani. Aliniuliza kama uzi ule umezungushwa na mashine. Nikasema ni mama yangu, na kwamba mkono wake umeanza kutetemeka.

"Wangu nao utatetemeka," alisema taratibu. Akakifuta kile kidude kwa shati lake. "Jaribu. Usinunue kwa kuangalia tu."

Nililibana kwenye meza yake, nikaitia ndoano, nikabonyeza. Ndoano ikapinda, jiliwa halikuachia. Nikatia ya pili, nikavuta uzi, nikazungusha mara kumi kama ulivyonifunza. Mikono yangu ilipita pale bila kugusa chochote, utadhani lilipimwa kwangu. Nilicheka kwa furaha. Fundi alisema atajitengenezea lingine, akachukua fedha iliyokuwepo na yule nzi juu yake, akamchomeka kwenye kofia. "Hili likishika halisahau," akaniambia wakati ananifungia kwa gazeti. Njiani kurudi nililipakata kama mtoto mchanga.

Nawe ulilifungua kama mtoto mchanga. Ulilibana ukingoni mwa meza upande wako, ukavuta kigoda, ukanyoosha mkono wenye uzi. Ukasita. Ukaurudisha mkono, ukaunyoosha tena. Kisha ukasema, "Ni zuri, mwanangu. Ahsante," ukalifungua, ukalirudisha kwenye gazeti na kwenda kuangalia kuku.

Nilijua kuna kitu, sikujua nini. Nilikuja kuelewa kesho yake nilipokuona unamenya viazi. Kisu kilikuwa mkono wa kushoto. Midomo ya lile jiliwa ilitazama kulia, na shingo yake imelehemiwa, haizunguki. Kwa mtu wa mkono wa kulia ni sawasawa. Kwako, kila ulipopeleka uzi ulikumbana na chuma. Uliniambia kwa mdomo wako kwamba wa kushoto ndio mzima, nikasafiri na maneno hayo, nikayasahau dakika ile nilipofurahia mikono yangu mwenyewe.

Nilikuja nikapiga magoti pale jikoni. Hukunigombeza, na afadhali ungenigombeza. Ulisema tu, "Umeinunulia mikono yako," ukaendelea kumenya. Maneno yale yaliniuma kuliko ile ndoano ya Nakonde. Beberu ameshaliwa na wenyewe, Tunduma ni mbali, na huku kwetu hapakuwa na mtu wa kulehemu hata sufuria. Siku mbili sikushona. Nilikusikia ukimwambia shangazi kwamba labda ni wakati wa kupumzika, na sauti uliyosemea sikuwahi kuisikia kwako.

Siku ya tatu uliniita. "Tumpe! Njoo ukae pale unapokaaga."

Ulikuwa umelibana jiliwa ukingoni mwa meza, lakini upande wangu. Wewe umekaa kwako, ng'ambo, umeinama, na kutoka kwako midomo ile ilitazama kushoto. Meza nyembamba, mkono wako unafika vizuri. Ulikuwa umeshamaliza mkia na nusu ya mwili, uzi umenyooka, na mkono wa kulia umelala mapajani unatetemeka peke yake bila kumsumbua mtu.

"Kwako linatazama wapi?" ukaniuliza.

"Kulia."

"Na mimi kushoto. Basi umetununulia wote." Ukacheka mpaka ukafuta macho kwa kitenge. Nami nililia, nisiseme uongo. Nililia nikicheka.

Ukasema kichwa cha nzi na manyoya ya shingoni yanahitaji vidole viwili vizima, nimalizie mimi. Nilishika uzi nikazungusha, na kazi yako yote ikaanza kufumuka mbele ya macho yetu. Wewe ulizungusha kwa kusukuma mbele yako, na mbele yako ni kwangu. Mimi nami nilisukuma mbele yangu, na mbele yangu ni kwako. Niliharibu watatu siku ile. Ukaniita majina ya Kindali ambayo sitayaandika hapa. Kisha ukapata dawa, ukamaliza sehemu yako ukafunga fundo dogo kabla ya kuuacha uzi.

"Sikiliza. Nikifunga fundo, ni zamu yako. Usipoona fundo, usiguse, mimi bado nafikiri."

Kwa sheria hiyo tulikaa mezani miaka, mama. Cherehani nikaihamishia ndani ili niwe karibu. Mama Chisomo akaleta habari kwamba wavuvi wanasema nzi wetu siku hizi hawafumuki hata wakitafunwa, wakaagiza zaidi. Ulijivuna wiki nzima. Hakuna nzi wa mtu mwingine mwenye fundo katikati, kwa sababu hakuna wengine wanaomtengeneza mmoja kwa mikono ya watu wawili. Tulizungumza pale mambo ambayo tusingeyazungumza tumekaa bure. Pale ndipo uliponiambia habari za mdogo wangu aliyefariki kabla hajapewa jina. Pale ndipo nilipokuambia kwa nini sikurudi kwa mume wangu, nawe ukafunga fundo, ukasema, "Zamu yako," na hukulitaja tena hadi mwisho. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo. Ahsante, mama.

Asubuhi ile ya baridi nilikuwa nimekwenda kupeleka sare. Niliporudi ulikuwa umelala kitandani, umejifunika vizuri, na kwenye jiliwa kulikuwa na nzi nusu. Ulisema unasikia baridi kidogo. Siku nne baadaye hukuwepo.

Baada ya mazishi, watu walipotawanyika, nilikaa kwenye kigoda changu nikamtazama yule nzi mara moja tu. Mkia mwekundu, mwili wa kahawia, uzi unaning'inia. Nilitafuta fundo sikuliona. Nikamfunika. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiamini kwamba mauti yalikukatisha ukiwa bado unafikiri, kwamba kuna kitu ulitaka kuongeza nami sitakijua. Hiyo ndiyo iliyoninyima usingizi, mama, hata zaidi ya kukukosa. Ningemmaliza vipi, wakati ulinikataza? Na nisipomtoa, jiliwa ni moja, nitaanzaje mwingine?

Mpaka hapo niliandika jana usiku; leo ni siku ya tatu. Asubuhi nilizunguka meza nikakaa kwako. Sijui kwa nini sikuwahi. Kigoda chako ni kifupi kuliko changu, na kutoka pale unaniona mimi tu, maana hakuna kingine mbele, ni kigoda changu na ukuta. Dirisha lilikuwa mkono wa kushoto. Nikafunua kitambaa.

Fundo lipo.

Liko kwa chini, upande wako, unyoya mmoja wa mkia umejikunja ukalilalia, ndiyo maana kutoka kwangu halikuonekana. Umelikaza mara mbili, kama ulivyokuwa ukifanya siku ambazo hukuuamini mkono wako. Hukukatishwa, mama. Ulimaliza sehemu yako, ukaenda kulala. Mimi ndiye niliyekuwa nachelewa.

Nimelia pale kwako mpaka kitenge kikaloa. Kisha nimerudi upande wangu nikamalizia shingo na kichwa, taratibu, bila kuharibu. Nilipolegeza jiliwa ilinibidi nitumie nguvu. Miezi saba halikuachia hata kidogo, yule fundi alisema kweli. Nzi wako sikumweka sandukuni. Nimemtia kwenye kibiriti cha Mama Chisomo, akaingie mtoni kama wenzake, maana ungenicheka kama ningemtundika ukutani. Nimempigia simu Mama Chisomo. Nimemwambia awaambie wasubiri.

Halafu nikatia ndoano mpya. Nimefunga mkia mwenyewe, nikajenga mwili, nikafika pale katikati, na mkono wangu ukafunga fundo kabla sijakumbuka kwamba zamu inayofuata nayo ni yangu.

Pumzika, mama. Sasa ukae tu. Utajifunza.

Mwanao wa ng'ambo ya meza,
Tumpe